Mfumo endeshi wa vipande: Kwa nini Mbulu na Hanang zinauhitaji

Na Mwandishi Wetu, Katesh

ASUBUHI ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuangukia mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha, nyumba zilisombwa na barabara za mji huo zikazibwa na kifusi.

Katika saa kama hizo, hospitali na ofisi za umma huhitaji taarifa kuliko siku nyingine yoyote: majeruhi wangapi wamepokelewa, dawa gani zimebaki, nani apelekwe hospitali ya rufaa na kwa njia ipi. Siku hizi sehemu kubwa ya taarifa hizo imo ndani ya kompyuta na simu, si kwenye madaftari pekee.

Swali ambalo wananchi wengi hawajiulizi ni hili: Je, mashine hizo zimeundwa kufanya nini pale umeme unapokatika, mnara wa simu unapozimika, au seva iliyo mamia ya kilomita inaposhindwa kujibu?

Jibu lake hutegemea uamuzi unaofanywa na wahandisi muda mrefu kabla mashine haijafika zahanati. Uamuzi huo ni kama mfumo ujengwe ukiwa kitu kimoja kisichogawanyika, au ujengwe kwa vipande vinavyojitegemea, ambavyo wataalamu huviita moduli.

Wilaya mbili, mashine za kila aina

Mbulu na Hanang ni miongoni mwa wilaya za Mkoa wa Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Katesh, makao makuu ya Hanang, imepitiwa na barabara ya lami itokayo Babati kwenda Singida. Haydom, iliyoko Mbulu, ina hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa mwaka 1955 kwa msaada wa wamisionari wa Norway, na ambayo hupokea wagonjwa hata kutoka mikoa ya jirani.

Hata hivyo, mtu akiteremka bonde la Yaeda wanakoishi Wahadzabe, au akielekea Basotu kwenye mashamba ya ngano na malisho ya Wabarbaig, hali hubadilika haraka. Mahali pengine umeme ni wa gridi ya taifa, pengine ni wa jua. Mahali pengine mtandao wa simu una nguvu, pengine mtu hulazimika kupanda kilima.

Mashine nazo zinatofautiana vivyo hivyo. Hospitali ina seva yake, halmashauri ina kompyuta za mezani, mkusanya ushuru mnadani ana mashine ya POS, mhudumu wa afya ana simu janja, na mkulima ana kitochi mfukoni.

Kila moja ya mashine hizo ina kichakataji chake, kumbukumbu yake na uwezo wake wa kustahimili bila chaji. Kichakataji cha simu hakielewi maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya kichakataji cha kompyuta ya mezani. Pamoja na tofauti hizo, zote zinatarajiwa kuhudumia wananchi wale wale na kubadilishana taarifa zile zile.

Msimamizi wa mnada

Kiungo kinachowezesha hayo ni mfumo endeshi, yaani programu inayokaa kati ya mashine yenyewe na programu anazozitumia mtu. Windows, Linux na Android ni mifano yake.

Kazi yake inaweza kulinganishwa na ya msimamizi wa mnada. Yeye hauzi ng'ombe wala vitenge, bali humpangia kila mfanyabiashara eneo, huzuia mmoja asivamie sehemu ya mwingine, na huhakikisha njia zinapitika. Asipokuwapo, kila muuzaji angelazimika kujitengenezea mnada wake.

Vivyo hivyo, mfumo endeshi hugawa kumbukumbu na muda wa kichakataji, hufungua na kufunga mafaili, na huzungumza na printa, kamera au modemu kwa niaba ya programu nyingine. Sehemu yake ya ndani kabisa, yenye mamlaka yote juu ya mashine, huitwa kiini.

Mzozo wa wanasayansi wa kompyuta umekuwa juu ya kiini hicho: kibebe majukumu mangapi? Upande mmoja husema kazi zote muhimu ziwekwe ndani yake ili mashine ifanye kazi kwa kasi. Upande wa pili husema kiini kiwe kidogo iwezekanavyo, na kazi nyingine zifanywe na programu ndogo zilizo nje yake, ili moja ikianguka nyingine ziendelee.

Mwaka 1992 mzozo huo ulijitokeza hadharani. Andrew Tanenbaum, mhadhiri wa chuo kikuu jijini Amsterdam aliyekuwa ametengeneza mfumo wa Minix mwaka 1987, aliukosoa mfumo wa Linux ulioanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds. Hoja yake ilikuwa kwamba kiini cha Linux kilibeba kila kitu ndani yake, na kwamba huo ulikuwa muundo wa zamani. Torvalds alijibu kwa kutetea kazi yake, akisisitiza kuwa mfumo wake ulikuwapo na ulikuwa ukitumika.

Historia haikumpa ushindi kamili yeyote kati yao. Linux imeenea duniani kote, lakini nayo ilikubali moduli zinazoweza kuingizwa na kutolewa mashine ikiwa inafanya kazi. Mifumo yenye viini vidogo, kama QNX, imepata nafasi katika magari na baadhi ya vifaa vya hospitali, mahali ambapo kuzimika ghafla kunaweza kugharimu maisha ya mtu.

Kosa dogo, hasara kubwa

Hatari ya kurundika mambo ndani ya kiini ilionekana waziwazi Julai 19, 2024. Siku hiyo kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro kwa programu yake, ambayo sehemu yake ilifanya kazi ndani ya kiini cha Windows.

Kwa kuwa kasoro ilitokea mahali penye mamlaka yote, haikuanguka programu hiyo peke yake, bali mashine nzima. Kwa mujibu wa makadirio ya Microsoft, kompyuta zipatazo milioni 8.5 ziliathirika. Safari za ndege zilifutwa na baadhi ya hospitali katika nchi mbalimbali zililazimika kuahirisha huduma.

Jambo lililochelewesha matengenezo ni kwamba mashine nyingi hazikuweza kurekebishwa kwa mbali. Fundi alipaswa kuifikia kila moja, kuiwasha katika hali maalumu na kufuta faili lenye kasoro.

Katika jiji lenye mafundi wengi, hiyo ni kazi ya siku chache. Katika wilaya ambayo mtaalamu wa Tehama anatakiwa kusafiri kwa barabara ya vumbi kutoka kituo kimoja cha afya hadi kingine, hesabu ni nyingine kabisa. Ndiyo maana suala la vipande si la wasomi wa maabara peke yao.

Kiini kimoja, mashine nyingi

Faida ya pili ya moduli ni kwamba mfumo mmoja unaweza kupunguzwa au kuongezwa kulingana na mashine unayowekwa. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zinazoorodheshwa kuwa na nguvu kubwa zaidi duniani zimekuwa zikitumia Linux. Kiini hicho hicho ndicho kilicho chini ya Android, ambayo simu yake ya kwanza iliingia sokoni mwaka 2008.

Hapa nchini, mwaka 2019 kampuni ya simu ya Tigo, ambayo tangu mwaka 2024 inajulikana kwa jina la Yas, iliuza simu ya bei nafuu iliyopewa jina la Kitochi iliyokuwa na uwezo wa 4G. Simu hiyo ilitumia mfumo wa KaiOS, ambao nao umejengwa juu ya Linux.

Mashine hizo hazifanani kwa nguvu wala kwa bei. Kinachowezesha kiini kimoja kutumika kote ni kwamba waundaji wanaweza kuondoa vipande visivyohitajika na kubakisha vile tu ambavyo mashine husika inaweza kuvibeba.

Hata Android yenyewe ilijifunza somo hili kwa gharama. Kwa miaka mingi, kila toleo jipya lilipotoka, watengenezaji wa simu walilazimika kuandika upya sehemu zinazohusu vifaa vyao, kama kamera na redio. Matokeo yake, simu nyingi za bei ya chini hazikupata masasisho kabisa, na wenye nazo walibaki na mianya ya kiusalama.

Mwaka 2017, kupitia toleo la nane, kampuni ya Google iliweka mpaka rasmi kati ya sehemu inayohusu vifaa na sehemu nyingine ya mfumo. Tangu hapo, upande mmoja unaweza kubadilishwa bila kulazimika kuubomoa wa pili.

Kutoka daftari la MTUHA hadi seva

Kanuni hii haiishii kwenye mfumo endeshi. Inahusu pia mifumo ya taarifa inayojengwa juu yake, na mfano ulio karibu zaidi na wananchi wa Mbulu na Hanang ni ule wa afya.

Tanzania ilianza kutumia Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, maarufu kama MTUHA, mwaka 1993. Wahudumu walijaza vitabu, wakajumlisha kwa mkono kila mwezi, na muhtasari ukasafirishwa hadi wilayani, mkoani na hatimaye wizarani. Taarifa ya mlipuko wa ugonjwa ingeweza kufika ikiwa imechelewa.

Baadaye nchi iliingia katika mfumo wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway na ambao mizizi yake iko Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia wataalamu wake wa sayansi ya kompyuta kilishiriki kuuandaa kwa mazingira ya hapa nchini, na kufikia mwaka 2013 ulikuwa umesambazwa katika halmashauri nchini kote.

DHIS2 ina sehemu ya msingi inayotunza takwimu, na juu yake huwekwa programu ndogo ndogo: moja ya kuingiza takwimu, nyingine ya ramani, nyingine ya kufuatilia mgonjwa mmoja mmoja. Nchi inayohitaji kitu cha ziada inaweza kuunda programu yake na kuiambatisha bila kugusa msingi.

Miongoni mwa vipande hivyo ni programu ya simu za Android inayoweza kufanya kazi nje ya mtandao. Chukua mfano wa mhudumu wa afya katika bonde la Yaeda anayemwandikisha mama mjamzito mahali pasipo na mawasiliano. Taarifa huhifadhiwa kwanza ndani ya simu, kisha hupelekwa kwenye seva simu inapopata mtandao.

Jambo hilo linaonekana rahisi, lakini ndani yake kuna matatizo magumu. Iwapo wahudumu wawili katika vijiji viwili wamemwandikisha mtu kwa wakati mmoja bila mawasiliano, ni nini kitazuia wagonjwa wawili kupewa namba moja? Na endapo wote wawili wamerekebisha kumbukumbu ile ile, ipi ifuatwe?

Kwa swali la kwanza, programu hiyo huomba mapema akiba ya namba kutoka kwenye seva wakati mtandao upo, na kuzitumia moja baada ya nyingine wakati haupo. Kwa swali la pili, hakuna jibu moja linalofaa kila mahali. Waundaji hulazimika kuweka utaratibu, na wasimamizi hulazimika kuufahamu. Mfumo usio na utaratibu huo hupoteza taarifa kimyakimya, bila mtu yeyote kujua.

Mkongo ulipokatika

Wapo wanaoamini kuwa tatizo hili litakwisha lenyewe minara ikiongezeka. Ni kweli kwamba hatua zimepigwa. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umejengwa, na Mei 2023 Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini mikataba ya ujenzi wa minara 758 katika maeneo ya vijijini.

Lakini Mei 12, 2024, Watanzania walikumbushwa kuwa hata mjini mtandao si kitu cha uhakika. Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kusini mwa Afrika, na huduma ya intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Mfanyakazi wa benki jijini Dar es Salaam na karani wa Katesh walijikuta katika hali moja.

Kwa hiyo, kukatika kwa mawasiliano si ajali ya nadra inayopaswa kushangaza. Ni sehemu ya mazingira, kama mvua za masika, na mfumo mzuri huundwa kwa kulitarajia.

Mifumo isomane

Halmashauri za leo zina mifumo mingi. Upo PlanRep wa mipango na bajeti, FFARS wa uhasibu wa vituo vya kutolea huduma, GoTHOMIS wa uendeshaji wa hospitali na vituo vya afya, na GePG wa malipo ya Serikali kwa namba ya kumbukumbu.

Mifumo hii isipozungumza, mtumishi huandika taarifa ile ile mara mbili au tatu, na kila mara kuna nafasi ya kukosea. Ndiyo sababu Serikali imekuwa ikisisitiza mifumo isomane. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2019, imejenga mfumo wa GovESB unaotumika kama daraja la kubadilishana taarifa kati ya taasisi za umma.

Hii nayo ni kanuni ya moduli katika ngazi ya juu. Haihitajiki kuvunja mifumo yote na kujenga mmoja mkubwa. Kinachohitajika ni kila mfumo uwe na mlango unaofahamika, na lugha moja ya kubisha hodi.

Muundo wa vipande una faida nyingine ambayo haitajwi sana, nayo ni lugha. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu maneno yanayoonekana kwenye kioo yalikuwa yametenganishwa na programu yenyewe, na kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi. Programu iliyofungwa pamoja kama tofali isingewaruhusu kufanya hivyo.

Si dawa ya kila ugonjwa

Pamoja na hayo, moduli zina gharama zake. Kila kiungio kati ya vipande viwili ni mahali panapoweza kulegea. Toleo jipya la kipande kimoja linaweza kutokubaliana na toleo la zamani la kingine, na fundi akatumia siku nzima kutafuta kosa lisiloonekana.

Aidha, kiini kidogo hupoteza muda kidogo kila kinapopeleka ujumbe kwa programu iliyo nje yake, ingawa mashine za sasa zimepunguza tofauti hiyo. Usalama nao unahitaji uangalizi, kwa kuwa simu iliyojaa taarifa za wagonjwa ikipotea njiani ni tatizo tofauti na seva iliyofungiwa chumbani. Taarifa zinazokaa nje ya mtandao lazima zilindwe kwa nywila na kufichwa kwa usimbaji.

Kubwa zaidi ni watu. Mfumo wa vipande humpa mtaalamu wa wilaya uwezo wa kubadilisha kilichoharibika, lakini uwezo huo hauna maana kama hakufundishwa, au kama msimbo na maelezo ya mfumo vimebaki kwa mkandarasi.

Maswali kabla ya kununua

Suala hili limekuwa la haraka zaidi tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipositisha masasisho ya bure ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani hazina vifaa vinavyotakiwa na Windows 11. Shule au ofisi yenye mashine hizo ina njia chache: kununua mpya, kulipia muda wa nyongeza pale unapopatikana, kuendelea bila ulinzi, au kuweka mfumo mwepesi wa Linux uliopunguzwa ili uendane na nguvu ya mashine iliyopo.

Kwa sababu hiyo, madiwani, wakuu wa shule na waganga wafawidhi hawana haja ya kuwa wahandisi ili kuuliza maswali ya msingi kabla fedha za umma hazijatumika. Je, mfumo huu utafanya kazi mtandao ukikatika kwa siku tatu? Kipande kimoja kikiharibika, vingine vitaendelea? Unaweza kuwekwa kwenye mashine tulizonazo? Taarifa zetu zinaweza kutolewa na kupelekwa mfumo mwingine? Na nani, aliye hapa wilayani, anaweza kuutengeneza?

Muuzaji anayeshindwa kujibu maswali hayo anauza mfumo ulioundwa kwa ajili ya ofisi yenye umeme usiokatika na waya wa intaneti ukutani. Ofisi ya namna hiyo ni vigumu kuipata Yaeda, na asubuhi ya Desemba 3, 2023 isingepatikana hata Katesh.